Mchanga Mweusi Ndani ya Friji

Mchanga ulionekana kwanza ndani ya friji, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka, kwa sababu nani anaogopa friji?

Sundus aliifungua asubuhi kutoa maziwa ya mtoto. Akaona kwenye rafu ya juu, pale chini ya taa, kirundo cha mchanga mbichi kimekaa vizuri, kama kilichomiminwa na kijiko. Akamgeukia mumewe. Mubin alifanya kazi kwenye ghala la matairi huko Al Quoz, na kila uchafu ulioingia nyumba ile ulihesabiwa wake.

"Mubin, mpaka kwenye friji? Wallahi utatuletea jangwa zima humu ndani."

"Mimi naweka nini kwenye friji, mke wangu? Viatu?"

"Sijui! Wewe ndiye unayejua unachokiweka!"

Wakacheka. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya saba, mtaa wa Al Muraqqabat, Dubai, na kucheka kulikuwa ndiko kulikoifanya ienee watu wanne. Wa nne alikuwa Fairuz, mdogo wake Sundus, aliyetoka msalani na mswaki mdomoni, akautazama ule mchanga, asicheke.

Mchanga wa Dubai ni wa manjano na mwepesi, yeyote aliyewahi kupangusa dirisha la mji huu anaujua. Huu ulikuwa mweusi tititi. Fairuz aliwahi kuuona mahali pamoja tu tangu azaliwe. Akachukua kitambaa, akaufuta haraka haraka.

"Kahawa hiyo," akasema. "Niliimwaga mimi jana."

Huo ulikuwa uongo wake wa pili. Wa kwanza ngoja niueleze, maana bila huo hakuna kisa.

Fairuz ni mtoto wa Malindi. Alikuja Dubai kupanga maboksi kwenye ghala la kampuni ya vipodozi, kule Dubai Investments Park. Kampuni hiyo ilikuwa na utaratibu wake: kila mwaka humtuma mfanyakazi mmoja kwenda kujitolea kwenye mradi wa kuhifadhi mazingira, halafu picha zake hubandikwa kila ukuta. Mwaka huo mradi ulikuwa kwenye kisiwa kimoja cha Karibiani, kisiwa ambacho ukikitafuta kwenye ramani kidole chako kinakifunika. Kazi ni wiki mbili za kulinda kasa wanaotaga ufukweni. Wakamchagua Fairuz kwa sababu ametoka pwani, na pia, tuseme ukweli, kwa sababu anatoka vizuri kwenye picha.

Huko alipokewa na mlinzi wa ufukwe, Mzee Cuthbert, aliyekuwa na miaka kumi na tisa kwenye mchanga ule mweusi. Mzee alikuwa na taa yake ya chemni, kioo chake amekipaka rangi nyekundu kwa mkono. Somo lake la kwanza lilikuwa fupi. Vitoto vya kasa hutoka shimoni usiku na kufuata mwanga, na gizani mwanga pekee ni ule wa bahari. Basi hapa ni taa nyekundu tu, hiyo hawaijali. "Ukiwasha nyeupe," alisema, "watakufuata wewe. Na wewe si bahari."

Na Fairuz alikuwa na somo jingine la nyumbani. Marehemu mama yake alimfundisha kwamba ufuo usiku una wenyewe. Ukifika unatoa salamu, unapita kwa adabu, huharibu kitu. Kwa hiyo msimwambie mtu kwamba Fairuz hakujua. Alijua mara mbili.

Sasa, saa sita ya usiku kule ni saa mbili ya asubuhi Dubai, na kila Jumanne saa mbili kampuni nzima hukutana kwenye ukumbi wa ghala kabla ya kazi. Meneja, Sir Raed, alimwandikia Fairuz kwamba leo wanamtaka kwenye skrini kubwa, moja kwa moja kutoka ufukweni. Na bahati ikawa bahati: shimo moja likafunguka usiku huohuo, vichwa vidogo vikaanza kuchomoza. Fairuz akaelekeza simu na tochi nyekundu aliyopewa na mradi.

"Fairuz, hatuoni kitu," Sir Raed akasema. "Giza tu. Yalla, watu wanasubiri."

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Mzee Cuthbert alikuwa mbali, upande wa pili wa ghuba. Fairuz akawasha tochi nyeupe ya simu.

Watu mia mbili wakapiga makofi Dubai. Aliyasikia mkononi mwake. Vitoto vikageuka vyote, zaidi ya mia, vikaanza kumjia. Mtandao ulipoanza kukatika akapanda nao kuelekea barabarani, anaeleza huku anatembea, na vyenyewe nyuma yake kwa mikono yao midogo. Alipomaliza akaaga, akazima, akaenda kulala. Alijiambia watarudi baharini wenyewe.

Asubuhi walikutwa kwenye miiba kando ya barabara, wamekauka. Mzee Cuthbert aliwaokota mmoja mmoja, akawatia kwenye ndoo. Mkuu wa mradi alipouliza nani aliyewasha taa, Fairuz alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema kwamba aliona mwanga upande wa Mzee Cuthbert, na kwamba rangi ya taa yake imebanduka. Na kweli ilikuwa imebanduka, kipande kama cha ukucha. Mzee akafukuzwa siku ileile. Hakubishana. Alimtazama Fairuz tu, akasema, "Binti, hao walifuata taa. Hawajui kuacha."

Huo ndio uongo wa kwanza. Fairuz akarudi Dubai na cheti, picha yake ikabandikwa mlangoni mwa ghala, na Sir Raed akaahidi kumtoa kwenye maboksi na kumkabidhi mradi wote wa kujitolea. Sherehe ikapangwa Jumanne, wiki mbili mbele, na jamaa zake wamealikwa.

Baada ya friji, mchanga ulihamia chini ya televisheni, pale penye kile kitaa chekundu kinachowaka ukiizima. Hapana, si chekundu, Mubin alikuwa amenunua televisheni mpya, kitaa chake kilikuwa cheupe. Halafu chini ya chaja. Halafu chini ya simu ya Fairuz, kila ilipoingia meseji. Ikaja na harufu, ya mayai yaliyokaa na maji chumvi, ikiingia sebuleni mchana kweupe huku madirisha yamefungwa na AC inanguruma. Sundus akachoma udi mpaka macho yakawawasha. Ukaja na mkwaruzo. Ulikuwa mdogo mno, wa kucha laini juu ya kitu kikavu, na ulikuwa ukienda kwenye taa yoyote iliyowashwa, na ukizima taa ile unatulia kidogo, unajipanga, unaelekea nyingine.

"Panya hao," Mubin akasema.

"Panya ghorofa ya saba?" Sundus akajibu. "Wamepanda lifti?"

Fairuz alikuwa ameanza kuoga gizani.

Kisha ikaja jioni ya Lamees. Lamees ni mtoto wa Sundus na Mubin, miaka minne, msemaji, mpenda juisi. Adhana ya magharibi ilikuwa imeanza, na ng'ambo ya barabara hoteli moja ikawasha bango lake, jeupe, kubwa kuliko dirisha lao. Mtoto aliyekuwa anachora akaweka kalamu chini. Akalala kifudifudi. Akatanguliza mikono yote miwili kwa pamoja, akajivuta. Akaitanguliza tena, akajivuta, kifua kikikwaruza sakafu, macho hayapepesi, kuelekea mlango wa balkoni.

Sundus akabaki na sufuria mkononi. "Lamees! Mama, unafanya nini?"

Mtoto hakugeuka. Akafika kwenye kioo, akaanza kukigonga kwa paji la uso, taratibu, mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Mchezo huo, dada," Fairuz akasema haraka, na sauti yake ikacheka. "Nimemfundisha mimi. Ni mchezo wa kasa."

Sundus akashusha pumzi. "Ah, na wewe! Umenitisha, mwenzio nina presha." Akamfungia mtoto pazia, akarudi jikoni. Fairuz alikaa pale kwenye kochi, akajiambia kwamba baada ya sherehe atasema. Baada ya Jumanne tu.

Lakini mchezo gani huo unaochezwa kila magharibi, kwa saa ileile, na mtoto akiamka hakumbuki? Siku ya nne walimkuta ameburuta kiti mpaka kwenye komeo la balkoni. Daktari akampima, akasema mzima. Ndipo Sundus akasema khalas, imetosha, naita mtu.

Aliyeitwa ni Maalim Thuwein, Mzanzibari wa siku nyingi Dubai, dereva wa basi la wafanyakazi Al Quoz siku sita, na siku ya saba, baada ya swala ya Ijumaa, husomea watu. Aliingia na kanzu yake na funguo za basi shingoni, akasema mapema kwamba ana mgonjwa mwingine saa kumi, basi wasimpe chai. Akamweka Lamees mapajani mwa mama yake, akaweka kiganja kichwani, akasoma. Alisoma kwa utulivu, na kila aya ilivyokwenda mbele harufu ya mayai ikazidi, na mkwaruzo ukatoka jikoni ukaja sebuleni, ukapita chini ya kochi, ukapita juu ya miguu yao bila ya kuonekana kitu, mpaka Mubin mwanamume mzima akakunja miguu juu ya kiti, na mtoto akainua uso akamtazama Maalim kwa macho ambayo hayakuwa ya miaka minne.

"Nani aliwasha?" mtoto akauliza.

"Aliwasha nini?" Maalim akasema.

"Nani aliwasha?"

Maalim akawageukia. "Hebu jamani. Anauliza nani aliwasha. Nani kawasha nini humu?"

Mubin akajikohoza. "Maalim, AC niliiwasha mimi, lakini Sundus ndiye aliyesema..."

"Hebu nyamaza na AC yako!" Sundus akamnong'oneza, analia.

"Nawe wataka nini uondoke?" Maalim akamuuliza aliyekuwa kichwani mwa mtoto.

"Waliopiga makofi wasikie," mtoto akasema, kisha kichwa kikamdondoka, akalala.

Sundus na Mubin wakatazamana, hawana wanalolijua. Fairuz alikuwa akiangalia zulia. Alikuwa na nafasi pale. Watu watatu tu, wawili jamaa zake, mmoja mpita njia. Neno likafika kwenye meno likarudi.

Alimsindikiza Maalim mpaka kwenye lifti. Maalim akabonyeza kitufe, akasubiri, akasema bila ya kumtazama: "Bibie, wako wanaoingia nyumba ya mtu kufanya ujeuri, hao mie nawatoa. Huyu hakuja kwa ujeuri, kaja kushitaki. Mshitaki simtoi. Anakutaka wewe, ila mtoto ndiye mwepesi."

"Maalim, nitafukuzwa kazi. Watu wote wataniona..."

"Wakuone," Maalim akasema, na lifti ikafika.

Jumapili ile Sundus alikuwa saluni, Mubin ghalani, na Fairuz peke yake na mtoto. Alijitayarisha. Kabla ya magharibi alichomoa friji, televisheni, chaja, akazima simu, akafunga mapazia akayabana kwa vibanio vya nguo, akamkumbatia Lamees sebuleni gizani na kuanza kusoma anachokijua. Lakini Dubai haizimiki. Adhana ilipoanza bango likawaka, na nuru yake ikapenya kwenye mshono wa pazia, uzi mmoja tu mweupe sakafuni, na mkwaruzo ukaanza pande zote kwa pamoja, chini ya vitanda, ndani ya kabati, ukutani, ukija kwenye ule uzi, na Lamees akamponyoka mikononi kana kwamba amepakwa mafuta, akalala kifudifudi, akajivuta, na mlango wa balkoni ambao Fairuz aliufunga kwa ufunguo na ufunguo akautia kifuani mwake ukafunguka wenyewe kwa upole, joto la jioni likaingia pamoja na kelele za magari kutoka chini kabisa, na Fairuz akajirusha akamshika mtoto kifundo cha mguu, akavuta, na mtoto mwepesi yule akawa mzito wa kutovutika, kichwa chake kimeshapita kati ya vyuma vya balkoni, mabega yanafuata.

"Nani aliwasha?" sauti ikauliza.

"Mimi!" Fairuz akalia. "Mimi, mimi niliwasha! Mwache! Nitasema, wallahi, Jumanne nitasema mbele yao wote!"

Mguu ukawa mguu wa mtoto tena. Lamees akageuza kichwa, akasema, "Mamdogo, unaniumiza." Fairuz akamvuta ndani, akalia juu ya nywele zake mpaka Sundus akarudi. Sundus akauliza kulikoni. Fairuz akasema kichwa kinamuuma tu.

Jumanne, saa mbili asubuhi. Ukumbi ule ule wa ghala, skrini ileile, watu walewale mia mbili na fulana zao za kampuni. Mbele kabisa Sundus amevaa baibui lake la harusi, uso umemjaa fahari, Lamees mapajani, Mubin pembeni anapiga picha. Nyuma yao mlango mkubwa wa kupakilia mizigo ulikuwa wazi, jua limejaa, na malori yanaingia kinyumenyume moja baada ya jingine.

Taa zikazimwa, video ikachezwa. Vichwa vidogo vinachomoza. Tochi inawaka. Makofi ya siku ile yakasikika kutoka kwenye spika, na waliokuwa ukumbini wakapiga yao juu yake. Sir Raed akampa Fairuz kipaza sauti. Mfukoni alikuwa na karatasi aliyoiandika usiku kucha. Akawatazama. Akamtazama dada yake.

"Asanteni," akasema. "Asanteni sana. Sina la kusema zaidi."

Mjinga mie nimesikia kisa hiki mara ngapi, na kila tukifika hapa natamani nimzabe kibao.

Makofi yakaanza tena, na chini ya makofi akausikia mkwaruzo, si mdogo tena, umejaa ukumbi mzima chini ya viti, na harufu ikapanda, na Lamees akateleza kutoka mapajani mwa mama yake kama nguo inayoanguka, akalala kifudifudi kwenye njia katikati ya viti, akatanguliza mikono yote miwili, akajivuta kuelekea mlango mkubwa, kwenye ule weupe wa jua, na watu wakadhani ni sehemu ya onyesho, wakacheka, wakasimama kumpigia makofi, "Angalia, kasa! Angalia!" huku Mubin akimvuta kwa nguvu zake zote na mtoto akimburuta baba yake, na nje lori linarudi nyuma linalia pii, pii, pii, na dereva hana anachokiona, na Sundus anapiga kelele ambazo makofi yanazimeza.

"Mimi ndiye niliyewasha!"

Kipaza sauti kikapiga mluzi. Ukumbi ukanyamaza.

"Si Mzee Cuthbert! Taa ile mliyoiona ilikuwa haramu pale, niliwasha mimi ili mnione! Mlipokuwa mnapiga makofi, hao walikuwa wananifuata kwenda kufa. Wamekufa wote. Na mimi nikasema ni mzee wa watu, akafukuzwa. Nimesema uongo. Nimesema uongo mpaka nyumbani kwetu!"

Lori likasimama. Lamees alikuwa kwenye mstari wa manjano wa kizingiti, nusu yake kivulini, nusu juani. Akaketi. Akakung'uta magoti. Akaomba juisi.

Hakuna aliyepiga makofi. Sir Raed alisema, "Khalas, zima hiyo video," kisha akasema mambo haya yatamalizwa kimya kimya, ndani ya kampuni. Fairuz akashuka jukwaani, akamwendea dada yake mikono imenyooka. Sundus akamkamata mwanawe akampeleka nyuma ya mgongo.

"Mchezo," Sundus akasema. Hakuinua sauti. "Mwanangu anagonga kichwa kwenye kioo, wewe ukaniambia ni mchezo."

Fairuz alihama wiki ileile. Alipata kitanda kwenye chumba cha wanawake wanne, mitaa miwili tu kutoka kwa dada yake ambaye hakupokea simu zake. Kwa Sundus mchanga haukuonekana tena. Kampuni haikuandika barua yoyote kisiwani. Nambari ya Mzee Cuthbert Fairuz alikuwa nayo, kwenye orodha ya mradi. Kila siku aliifungua, akaitazama, akaifunga. Watu mia mbili aliweza. Sauti ya mtu mmoja ilimshinda.

Jioni ya tatu, Rispah, Mkenya mwenzake wa kitanda cha juu, alifungua friji kutafuta maji.

"Aki nyinyi watu! Nani ameweka mchanga kwa friji?"

Wengine wakaanza kujitetea kwa pamoja. Fairuz akasimama.

"Ni wangu," akasema. "Niachieni, nitausafisha."

Ilikuwa saa moja ya usiku. Kule ni saa tano asubuhi. Akaketi sakafuni mbele ya friji, mlango uko wazi, taa yake inammulika miguuni, na mkwaruzo umejaa rafu ya juu. Akapiga. Simu ikalia mara nyingi kabla haijapokewa, na nyuma ya pumzi za yule mzee akasikia mawimbi.

"Mzee Cuthbert," akasema. "Ni Fairuz. Taa niliwasha mimi."

Ndani ya friji mkwaruzo ukakoma wote mara moja, na vile vitoto vikasubiri jibu la mzee pamoja na Fairuz.